Theluji ya Kwao, Tope la Kwetu

Binamu yangu yuko Minneapolis, Marekani. Anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kwetu Ujaluo binamu ni ndugu tu, kwa hivyo huwa ananipigia video hata kama hana la maana. Siku moja alinipigia akiwa nje, amefunikwa mpaka pua, anasukuma theluji kwa sepeto mbele ya nyumba.

"Omera, angalia maisha yangu," akaniambia. "Hii nikiiacha hapa, shida ni yangu."

Mimi nilicheka. Nilikuwa stage hapa Osiri, viatu mkononi, suruali nimeikunja mpaka magoti, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na barabara yetu ilikuwa imeshakuwa uji. Nikamgeuzia kamera. Na yeye akacheka. Halafu akanieleza jinsi mambo yanavyoenda huko, na tangu siku hiyo sijaacha kufikiria.

Theluji ikianguka nyingi, mji unatangaza dharura. Baada ya hapo ni ratiba ya siku tatu, na kila mtu anaijua. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi, zinasafishwa barabara kubwa. Gari halikai pale, upande wowote. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, ni zamu ya mitaa midogo, upande wa nyumba zenye namba kama 2, 4, 6. Siku ya tatu, upande wa 1, 3, 5. Ukiacha gari mahali si pake, linavutwa na faini unalipa.

Na si serikali peke yake ina kazi. Njia ya miguu mbele ya nyumba yako ni jukumu la nyumba yako. Kama ni nyumba ya familia moja au mbili, una saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka uwe umeisafisha. Ndiyo maana ndugu yangu alikuwa na sepeto.

Najua mtu atasema, "Wewe acha kutulinganisha na Marekani, wao wana pesa." Sawa, greda za theluji na malori ya chumvi ni pesa. Lakini kitu kilichonishika si mashine. Ni kwamba mtu anajua barabara yake ni zamu ya lini, ni ya nani, na yeye mwenyewe anatakiwa kufanya nini. Kujua hivyo kunagharimu karatasi moja.

Sasa njoo Osiri. Wengi wanatujua kwa dhahabu. Malori yanabeba mawe, boda zinabeba kila kitu kingine: mahindi, wagonjwa, watoto wa shule, hata kitanda. Sisi hatuna baridi ya theluji, lakini tuna msimu wetu. Kuanzia Machi mpaka Mei ni chwiri, mvua ndefu. Ule udongo mweusi ukilowa unashika tairi kama gundi. Hakuna mtu anashangaa mvua ikija Machi. Imekuwa ikija tangu babu zetu. Lakini kila mwaka tunaipokea kama mgeni ambaye hakupiga simu.

Niliwahi kwenda kuuliza nani anahusika na kipande chetu. Ofisi ya kwanza wakaniambia hicho si chao. Ya pili wakanirudisha kwa ya kwanza. Ukisoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Halafu kuna KeNHA ya barabara kuu za kitaifa, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini. Kwenye karatasi inaeleweka. Ukiwa umesimama kwenye tope na mgonjwa, hakuna kibao kinachokuambia hili tope ni la nani.

Na pesa tunatoa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli ina shilingi 25 za kutunza barabara ndani yake, kutoka 18 za awali. Jamaa wa boda akiweka lita mbili, ameshachanga shilingi 50 kabla hajabeba abiria hata mmoja. Ana haki ya kuuliza.

Lakini wacha niseme na lile ambalo huwa sisemi.

Aprili 2024, mwaka ule wa mafuriko, dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Tukaita boda. Mvua ilikuwa inapiga. Hatukufika hata mita mia moja kutoka kwa geti letu. Pikipiki ikazama kwenye shimo mpaka injini ikazimika. Tukamshusha. Mama akamshika mkono huku, mimi kule, tukatembea naye gizani kwenye maji mpaka mahali pikipiki nyingine ingeweza kufika. Alijifungua dakika chache tu baada ya kuingia kituo cha afya. Mtoto ni msichana, na kwetu aliyezaliwa kwenye mvua jina lake linajulikana: Akoth.

Kulipokucha nilirudi kuangalia lile shimo. Nilikuwa nimejaa hasira na nilikuwa tayari kurekodi video ya kutukana kila kiongozi. Nikafuata maji yanatoka wapi. Yalitoka kwetu.

Miaka michache kabla, sisi wenyewe tulijaza mtaro mbele ya geti kwa mawe na udongo ili boda iingie nyumbani bila shida. Hatukuweka kalvati, tuliona ni gharama. Maji yakikosa mtaro yanapanda barabarani, na yakipanda barabarani yanachimba. Greda ilikuwa imepita mwaka uliotangulia, ikalainisha vizuri, tukapiga makofi. Maji ya geti letu yalimaliza kazi hiyo kwa msimu mmoja. Jirani wa juu amefanya vilevile, na wa chini pia.

Ile video sikuiweka.

Tulichanga pesa pale nyumbani, tukafukua mawe yetu, tukaweka kalvati. Majamaa wa stage wakasaidia kuchimba njia ya kutoa maji pembeni. Chwiri iliyofuata, shimo lile halikurudi. Mengine yote bado yapo, tusidanganyane.

Hiyo haimaanishi serikali isamehewe. Mimi na jembe langu siwezi kutengeneza mgongo wa barabara wala kujenga daraja, na shilingi 25 zile si za mapambo. Ninachotaka ni kidogo tu: karatasi moja kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Iandikwe barabara hii ni ya nani, greda inakuja mwezi gani, na mitaro inasafishwa Februari kabla ya mvua, si Mei baada ya watu kuzama. Chini yake iandikwe pia jukumu la kila boma: mtaro mbele ya geti lako ni wako. Atakayeziba alipe, hata akiwa mimi.

Ndugu yangu bado analalamika kuhusu theluji. Mimi namwambia angalau yeye analalamika akijua kesho ni zamu ya upande gani.

Akoth anatembea sasa. Anapenda kurusha vijiwe kwenye mtaro, na mimi kila jioni navitoa.