Mwalimu Aliyebaki Baharini

Msomaji mpendwa, huenda wewe unakaa bara wala hujapata kuiona bahari. Leo fuatana nami mpaka Ghuba ya Meksiko, huko Amerika. Tunakwenda kuhani msiba wa mwalimu.

Tuanzie Progreso, bandari ya Yucatán katika nchi ya Meksiko. Nchi ile ni tambarare, ardhi yake ni ya mawe ya chokaa, na bahari karibu na ufuko haina kina. Kwa hiyo wenyeji wamejenga gati ndefu mno. Siku hizi yaingia baharini zaidi ya kilomita 6, ili meli kubwa zipate maji ya kutosha.

Ukitoka hapo ukashika njia ya kaskazini-mashariki, mwisho utaviona visiwa 7 vidogo, viitwavyo Dry Tortugas. Mhispania Juan Ponce de León alivipa jina la kasa mwaka 1513, kwa kuwa aliwakuta wengi. Baadaye mabaharia waliongeza neno la ukavu, maana visiwani humo hamna maji ya kunywa. Yapata maili 125 kabla hujavifikia, simama. Hapa huoni jiwe wala alama, ila maji matupu. Ndipo alipo mwalimu wetu.

Jina lake Daktari Alice Sheldon. Mumewe, Christopher Sheldon, alikuwa nahodha wa Albatross, merikebu ya matanga iliyoundwa Amsterdam mwaka 1920. Wawili hao waliifanya kuwa shule. Vijana wa Kimarekani walisoma masomo yao humo, huku wakijifunza kutweka tanga na kushika usukani. Bibi Alice aliwafundisha sayansi, na aliyeugua ndiye aliyemtibu.

Tarehe 2 Mei 1961 walikuwa njiani kutoka Progreso kwenda Nassau. Asubuhi upepo mkali uliwapiga ghafula. Merikebu ililala ubavu, maji yakaingia, na kwa muda wa dakika moja hivi ikazama. Watu 13 walipona katika mashua mbili, wakaokolewa na meli ya Uholanzi iitwayo Gran Rio, wakafikishwa Tampa. Sita walikwenda chini na merikebu: wanafunzi wanne, mpishi, na Bibi Alice.

Mfikirie nahodha yule, msomaji. Amefiwa na mkewe, na bado ana deni la maneno kwa wazazi waliompa watoto wao. Wafikirie na vijana waliopona. Kwetu sisi, mtu akifa, tunachimba kaburi, kila mmoja anatupa udongo wake, na mkono unasaidia moyo kukubali. Wao hawakuwa na udongo wa kutupa.

Lakini msiba ule haukupita bure. Watu walibishana sana juu ya uimara wa merikebu kama zile, na mwaka 1982 Marekani ikatunga sheria ya vyombo vya matanga vinavyofundishia wanafunzi. Kwa hiyo mtoto apandaye chombo kama hicho leo anapata ulinzi uliotokana na msiba wa wale sita.

Katika lugha yetu tanga ni la merikebu, na matanga ni ya msiba. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jinsi hayo mawili yanavyokaribiana.

Nawe mzazi, siku mwanao atakaporudi kutoka shuleni analia kwa kufiwa na mwalimu wake, usimwambie, "Nyamaza, huyo si ndugu yako." Mpeleke kwa wafiwa. Aketi nao, awaambie jambo moja alilofundishwa na marehemu. Pengine hilo ndilo litakalowafaa kuliko rambirambi zote, maana kaburi linaweza kukosekana, lakini fundisho liko hai kichwani mwa mtoto.