Mwenye Vyombo

Kazi nyingi humtaka mtu awe na chombo chake. Seremala ana randa yake, mvuvi ana wavu wake, mshoni ana cherehani yake; na hata akiwa maskini, jioni hukirudisha chombo chake nyumbani, akakilinda kama alindavyo mwana. Mwanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam amekuwa kinyume cha watu hawa kwa muda mrefu. Vidole ni vyake, pumzi ni yake, na wimbo hutoka kichwani mwake. Lakini gitaa alilolishika, kipaza sauti anachokielekea, na ngoma zinazolia nyuma yake, aghalabu ni mali ya mtu mwingine. Katika lugha ya bendi vitu hivi vyote huitwa vyombo, na anayevimiliki huitwa mwenye vyombo. Jina ni fupi, lakini limebeba habari ya maisha ya watu wengi.

Makao ya habari hii ni Kariakoo na mitaa iliyo jirani nayo: Gerezani, Mnazi Mmoja na Ilala. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiweka hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waswahili wakalitamka jina lile kwa namna iliyouelekea ulimi wao. Mchana mtaa huu ni wa mizani na mikokoteni. Vitenge huning'inia milangoni, wachukuzi hupaza sauti kuomba njia, na soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 limesimama katikati kama miavuli ya saruji. Usiku, kwa miaka mingi, mtaa huo huo ulikuwa wa dansi. Katika ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, na baadaye katika ukumbi wa DDC Kariakoo, watu walioshindana kwa bei mchana walikutana tena wamevaa viatu vilivyong'arishwa, wakacheza pamoja hata usiku wa manane.

Ye yote aliyeiona bendi jukwaani ameona sehemu ndogo ya maisha yake. Sehemu kubwa ni mazoezi. Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimepandana juu ya meza, mtunzi huja na maneno yake na sauti ya kuyaimbia. Wenziwe husikiliza kwanza. Kisha mpiga besi hutafuta njia, gitaa la solo hujibu, tarumbeta na saksafoni hupangiwa mahali pa kuingia, na mwisho bendi nzima hukubaliana juu ya chemko, ile sehemu ya haraka ambayo humtoa mchezaji kitini. Wimbo ulioingia ukumbini ukiwa wa mtu mmoja hutoka ukiwa wa watu kumi na wawili. Hapa ndipo penye heshima ya kazi hii, na hapa pia ndipo panapoanza tatizo lake, maana kitu kilichotengenezwa na wengi ni chepesi kudaiwa na asiyekitengeneza.

Safari za mikoani zina mashaka yake. Vyombo hupakiwa kwanza, watu baadaye. Mwanamuziki hupata nafasi kati ya sanduku la spika na ngoma, akasafiri usiku kucha kwenda mji ambao gari la matangazo limekwisha kuupigia kelele. Mvua ikinyesha jioni ile, watu hawaji. Watu wasipokuja, kiingilio hakitoshi chakula, mafuta na malazi. Na huyo aliyeialika bendi huweza kuwa hapatikani asubuhi. Arudipo mjini, humkuta mwenye nyumba akingoja kodi, na majirani wakisema kwamba mtu alalaye mchana hawezi kuwa mtu wa kazi. Mkewe peke yake ndiye ajuaye kwamba vidole vyake vina sugu kama mikono ya mchukuzi wa sokoni.

Bendi hazikuanza chini ya mashirika wala matajiri. Kabla yake palikuwa na beni, na Marini na Arinoti walishindana mjini kwa sare, kwa gwaride na kwa parapanda. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilirithi mambo mengi ya chama cha ngoma. Neno jazi halikuwa na maana ya muziki wa New Orleans; lilikuwa jina la heshima kwa bendi ya ala za kigeni, na muziki wenyewe baadaye ulifuata zaidi rumba ya Cuba, iliyovuka bahari ndani ya santuri. Kilwa Jazz ilianzishwa na Ahmed Kipande mwaka 1958, na Western Jazz na Iddi Nhende mwaka 1959. Majina haya mawili yanaonyesha kwamba watu waliotoka upande mmoja wa nchi walikutana mjini, wakajifariji kwa muziki. Bendi za aina hii zilikuwa vyama: wanachama walichanga, na wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana. Wachache walitazamia kulea watoto kwa gitaa.

Mwaka 1964 jambo geni lilitokea. Umoja wa wafanyakazi uliokuwa umeundwa mwaka huo huo, NUTA, ulianzisha bendi yake. Mpiga tarumbeta akawa mtumishi mwenye mshahara wa mwezi kama karani. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao wakawa na bendi. Umoja wa vijana wa chama ukapata Vijana Jazz mwaka 1971. Na mwaka 1978 Mlimani Park Orchestra ikaundwa chini ya shirika la usafiri na teksi. Haifai kuudharau mpango huu. Ala ziliagizwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa adimu. Mtu binafsi angezipata wapi? Mvua iliponyesha na ukumbi ukawa mtupu, mshahara ulikuwapo. Walakini mshahara ulikuwa na kamba. Mwanamuziki alipiga alipoambiwa apige, aliimba sifa zilizotakiwa ziimbwe, na siku alipoondoka aliondoka mikono mitupu, akiliacha gitaa ambalo kwa miaka mingi watu walidhani ni lake.

Walikuwako waliotaka njia nyingine. Mbaraka Mwinshehe alikuwa nyota wa Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliiacha akaanzisha Super Volcano, ili ajiamulie mwenyewe apige nini, wapi na na nani. Alijipatia uhuru, na pamoja na uhuru akaipata barabara, kwa kuwa bendi isiyo na mshahara huishi kwa safari. Mwezi Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari huko Kenya, upande wa Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Bendi iliyotegemea vidole vya mtu mmoja ikabaki yatima.

Katika jiji la Dar es Salaam lenyewe, vijana wa Sunburst walithubutu mnamo miaka ya mwanzo ya 1970 kuchanganya muziki wa Kiafrika na roki. Ndani yao alikuwamo Mtanzania, Mzaire na hata Mjamaika. Ili kuipata sahani yao ndefu, Ave Africa, iliyotoka mwaka 1976, walilazimika kwenda Zambia. Muda mfupi baadaye bendi ilivunjika. Mwaka 2011 kampuni moja ya London ilitoa tena nyimbo zao, na watu wa Ulaya wakazistaajabia kama hazina iliyofukuliwa. Hazina haimfaidii sana aliyeizika naye akiwa na njaa.

Lakini mtu asidhani kwamba mwenye vyombo aliyekuwa mtu binafsi alikuwa mpole kuliko shirika. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja bendi yake ya Safari Sound, akawavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park, miongoni mwao Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, kuunda International Orchestra Safari Sound. Kwa waliochukuliwa, siku ile ilikuwa ya neema. Kwa waliovunjiwa bendi, ilikuwa siku ya kutafuta kazi. Hapakuwa na lawama ya sheria: vyombo vilikuwa vyake, na mwenye mali huiweka apendapo. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, nao hawakusema kama ndugu huyo ni serikali au ni tajiri.

Hata hivyo kuna kitu ambacho mwenye vyombo hakuweza kukifungia ghalani pamoja na magitaa. Bendi ya NUTA iliitwa kwa jina la umoja ulioimiliki. Umoja ulipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikaitwa JUWATA. Ulipogeuka OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaitwa OTTU. Majina hayo yaliandikwa katika barua na katika mabango. Mitaani watu waliiita Msondo, jina la ngoma iliyokuwapo kabla ya umoja wa wafanyakazi kufikiriwa. Hali kadhalika Mlimani Park ilitoka mikononi mwa shirika la teksi mwaka 1983, ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Nayo mitaani ni Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wamebishana vibarazani na katika vijiwe vya kahawa kama watu wa Simba na Yanga, na hakuna hata mmoja aliyebishana kwa ajili ya shirika. Mwenye mali alibadilika, ngoma haikubadilika. Mwishowe bendi ile ya kwanza ilipobaki bila umoja wa kuibeba, ilijiita Msondo Ngoma, yaani ilichukua rasmi jina ambalo watu walikuwa wamekwisha kuipa.

Basi jina lilikuwa mali ya watu, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye navyo. Imebaki mali ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: wimbo. Kwa miaka mingi nyimbo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki huko. Kutia nyimbo katika santuri kulitaka mtu aende Nairobi. Na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa mwaka 1983. Kisha ikaja kaseti. Katika vibanda vya Kariakoo, hatua chache kutoka mlango wa ukumbi, wimbo uliopigwa Jumamosi uliweza kunakiliwa mara elfu kwa faida ya mwenye mashine. Mtunzi alipita hapo akisikia sauti yake mwenyewe ikimwita mnunuzi, naye hana hata senti moja ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na wengi wa watunzi wakubwa walikuwa wamezeeka au wamekufa. Marijani Rajabu wa Dar International, aliyeitwa Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995.

Muhidin Maalim Gurumo aliziona zama hizi zote. Aliingia NUTA mwaka 1964, akawa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, akachukuliwa na Safari Sound, akarudi tena Msondo. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya kuimba kwa zaidi ya miaka hamsini, alisema hadharani kwamba hajawahi kuwa na gari. Kijana Diamond Platnumz, aliyetoka katika kizazi kinachotengeneza wimbo kwa kompyuta chumbani na kuuza kwa jina lake mwenyewe, alimpa gari. Watu walifurahi, na ilikuwa haki wafurahi, maana mkubwa aliheshimiwa na mdogo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, mzee akafariki.

Lakini furaha ile haifai kuuficha ukweli ulio chini yake. Kilichostahili kuja kwa miaka mingi kama ujira kilikuja mara moja kama zawadi. Zawadi humtegemea mtoaji na moyo wake. Ujira hautegemei moyo wa mtu. Kijana yule hakuwa mwema kuliko wenye vyombo wa zamani tu. Alikuwa na kitu ambacho mzee hakukipata, nacho ni mamlaka juu ya wimbo wake. Tofauti ya mtu mwenye gari na mtu asiye na gari ilikuwa hapo.

Katika vyuo, nyimbo za dansi sasa husomwa kama fasihi. Wanafunzi huchambua mafumbo yake, hutafuta tamathali zake, na mara nyingine huandika tu kwamba ni wimbo wa Msondo au wa Sikinde, pasipo kumtaja mtunzi. Mshairi wa diwani hafanyiwi hivyo. Kuna deni ambalo msomi hawezi kulilipa, kwa kuwa si yeye aliyekula fedha za kaseti. Lakini kuliandika jina la mtunzi mahali pake hakumgharimu cho chote. Aanzie hapo.