Komba wa Rondo

Mwezi uliopita tulisafiri kwa gari kutoka Louisville kwenda Buffalo, tukalala usiku mmoja Columbus kwa jamaa zetu. Baada ya sala ya Isha kikasikika kishindo kwenye mapipa ya taka. Alikuwa rakuni, mnyama wa usiku mwenye pete mkiani. Bibi akachungulia dirishani, akasema, "Kwetu angekuwa komba."

Hakuna mtoto aliyemjua komba. Tukawasimulia: macho makubwa, kilio kama cha mtoto mchanga, na lile tembo la mnazi linalomnasa hata watu wakasema fulani amelewa kama komba. (Hapo Bibi alituhimiza tupite haraka.)

Yuko mdogo kuliko komba wote, komba wa Rondo, uzito wake gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya chupa. Wataalamu walimpa jina katika miaka ya 1990. Kufikia 2006 alikwisha kutiwa katika orodha ya jamii 25 za kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Anaishi Tanzania tu, katika vipande vichache vya misitu ya pwani, tangu Rondo, Lindi, hadi Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam. Misitu hiyo hukatwa kwa mashamba, mbao na mkaa. Nasi tuliokulia Dar es Salaam tulipikia mkaa miaka yote bila kuuliza umetoka msitu gani.

Asubuhi, njiani kwenda Buffalo, kitinda mimba akauliza kama tukirudi likizo atamkuta.

"Inshallah," akajibu baba yake, macho barabarani.