Aliisikia Adhana, Hakumsikia Mjukuu



Nyumba yetu ya Mji wa Kale i karibu na Msikiti wa Mandhry. Muadhini anapoadhini, mama yangu huitikia neno kwa neno. Lakini mjukuu wake akimwamkia, "Shikamoo, bibi," alikuwa akikaa kimya. Tulidhani amenuna. Nami, Mola anisamehe, nikaacha kumhadithia mambo ya nyumbani kwa kuchoka kurudia.

Daktari wa masikio ndiye aliyetufumbua macho. Uzee huanza kuiba sauti nyembamba: za watoto, na herufi kama sini na fa. Sauti nene ya muadhini, tena kwa kipaza sauti, hubaki. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vya kusikia, nazo hulishwa na mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi. Sukari na presha, ambazo mama anazo kwa miaka mingi, hudhuru mishipa midogo kama huo. Na damu ikiwa nzito hupita kwa shida. Seli hizo zikifa hazimei tena.

Hakutuficha: dawa haitarudisha kilichopotea. Ila sukari na presha zikidhibitiwa, huenda kilichobaki kikadumu zaidi.

Sasa mjukuu humkalia mbele, uso kwa uso, akasema polepole. Jana nilisikia kutoka jikoni: "Marahaba, mwanangu." Nikalia.

Dada zangu, kabla ya kumhesabia mzazi kununa, mpelekeni akapimwe masikio.