TV Mbili, Bei Moja: Ingiza Mkono Ndani ya Lundo



Ndugu yangu katika imani, leo nataka tuzungumze jambo ambalo huenda ukashangaa kulikuta hapa. Unaingia dukani na pesa uliyoichanga kwa miezi. Mbele yako zipo TV mbili bapa, ukubwa mmoja, bei moja, zote zinang'aa, zote zimeandikwa HD. Utachukua ipi?

Usiniambie, "Ustadhi, hilo ni suala la mafundi." Pesa yako ni amana na utaulizwa umeichuma wapi na umeitumia katika nini. Na yule unayemnunulia ana haki juu yako. Kuchagua vizuri ni sehemu ya kuitunza amana hiyo.

Unakijua kisa alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevunyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba mvua iliinyeshea. Akamhoji kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akaonya vikali juu ya mwenye kughushi.

Mara nyingi tunakisoma kisa hiki tukimtazama muuzaji peke yake. Leo nakuomba uutazame na ule mkono. Mtume (s.a.w.) hakutosheka na kilichokuwa juu. Bei zikilingana, ndugu yangu, tofauti haiko juu ya lundo. Iko chini.

Nikupe mfano ulio hai. Ndugu wawili, kaka na dada, walinijia wamenuniana. Mama yao amepooza upande mmoja, hatoki kitandani. Hakujaaliwa kwenda Hijja, na hamu yake kubwa ni kuiona Al-Kaaba na kusikiliza swala za Haram zikirushwa moja kwa moja. Watoto wakachangishana laki saba na elfu ishirini. Huko Kariakoo wakaona TV mbili za inchi 43 kwa bei hiyohiyo. Kaka akataka ya 4K. Dada akataka ile ya Full HD. Kila mmoja akamwona mwenzake hamjali mama. Nikawaambia tusibishane barazani, twendeni dukani, lakini kwanza nipelekeni nikamsalimie mama.

Hoja ya kaka ilikuwa na nguvu, nawe usiidharau. Picha ya TV imejengwa kwa vitone vidogo sana vya mwanga. Full HD ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla 2,073,600. 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Ni mara nne kamili. Akasema, "Ustadhi, bei ileile, vitone mara nne, tunaachaje?"

Sasa nenda naye hadi chumbani. Kutoka kitandani mpaka ukutani nilihesabu kama mita tatu. Katika TV ya inchi 43 ya Full HD, kila kitone kina upana wa karibu nusu milimita. Jicho zima la binadamu, kwa umbali wa mita tatu, halitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko takribani milimita 0.9. Maana yake nini? Hata vile vitone vya Full HD mama hawezi kuviona kimoja kimoja, seuze vya 4K. Angelipiwa neema ambayo jicho lake halifiki.

Kisha nikaona jambo ambalo dada alilijua kwa sababu yeye ndiye anayemgeuza mama usiku. Kitanda kimeegemea dirishani ili apate hewa. Soketi iko ukuta wa mlangoni. TV ikikaa pale, mama ataiangalia kwa ubavu. Ukiigeuza imwelekee yeye, basi wajukuu walioketi mkekani ndio watakaoiona kwa ubavu. Kwa vyovyote mtu mmoja atakaa pembeni.

Hapo ndipo penye unyevu wa lundo. Vioo vya TV hizi ni vya aina kuu mbili, VA na IPS. Kioo cha VA kina weusi uliokolea: sehemu yake nyeupe hung'aa kuliko nyeusi kiasi cha mara 3,000 au zaidi, wakati IPS ni kama mara 1,000 tu. Ukikaa mbele yake, chumba kikiwa na giza, VA inapendeza mno. Lakini ukisogea pembeni rangi zinafifia na nyuso za watu zinapauka. IPS weusi wake ni wa kijivu kidogo, ila ukiitazama kwa ubavu picha inabaki ileile. Kwenye boksi mara nyingi hutaona limeandikwa hilo, na muuzaji huenda hajui. Dawa yake ni miguu yako. Simama mbele ya TV, kisha tembea taratibu kuelekea pembeni huku unaangalia uso wa mtu kwenye picha.

Tulifanya hivyo. Ile ya 4K, tulipofika pembe ya kitanda cha mama, uso wa imamu uligeuka kama umepakwa vumbi. Ile ya Full HD ikabaki ilivyo. Kaka akatembea mara tatu, kwenda na kurudi, kisha akanyamaza. Akamwambia dada yake, "Chukua hiyo." Uso wake ulikunjuka, na Alhamdulillah, wakatoka dukani wameshikana mikono.

Usinielewe vibaya. Sikusema 4K ni mbaya. Kama unakaa mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, unakaa mbele yake, una jicho zuri na intaneti ya kutosha, chukua 4K bila wasiwasi. Lakini kumbuka kwamba kuangalia 4K kwa intaneti kunataka kasi ya kama megabiti 15 kwa sekunde, na Full HD inaridhika na 5 hivi. Wewe unayeweka bando la siku hadi siku, jiulize nani atazilipia hizo kumi za ziada.

Basi ukienda dukani, shika mambo haya.

Kwanza, usidanganywe na mng'ao. TV nyingi zina mpangilio maalumu wa dukani, mwanga umepandishwa hadi mwisho na rangi zimekolezwa ili ishinde jirani yake rafuni. Na ile video inayochezeshwa imerekodiwa mahsusi kwa ajili hiyo: maua, ndege, maji ya bahari. Nyumbani utatazama taarifa ya habari. Mwambie muuzaji aziweke zote mbili kwenye mpangilio wa kawaida wa nyumbani. Beba flashi yako yenye video unayoijua, uchomeke TV hii kisha ile. Mizani iwe moja.

Pili, soma namba, usisome sifa. Kuna boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inapokea 1080, kumbe kioo chenyewe ni 1366 kwa 768, vitone milioni moja na ushei tu. Kupokea si kuonyesha. Tafuta namba ya kioo chenyewe. Na ukiwa unanunua ya inchi 32 utakayoitazama kwa mita tatu, hata hiyo ya 768 inaweza kukutosha, lakini ujue unanunua nini, na ulipe bei yake, si bei ya jina.

Tatu, omba picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona madoa na vitone vilivyokufa. Kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni kama wingu. Hilo ndilo la kuloa kwa mvua.

Nne, fumba macho usikilize. TV nyembamba spika zake huelekea chini au nyuma, na sauti ya maneno humezwa. Mzee wako anataka kumsikia msomaji, hataki ngoma za matangazo. Weka kisomo, shusha sauti kidogo, usikilize kama herufi zinatoka.

Tano, angalia king'amuzi cha ndani. Kwetu matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na sasa antena ya kawaida inataka mfumo wa DVB-T2. TV yenye DVB-T ya zamani peke yake haitashika. Ikiwa na DVB-S2, unaweza kuunganisha dishi moja kwa moja na kupata chaneli za bure, ikiwemo ile ya Saudia inayorusha Haram, bila kununua boksi jingine. Kwa yule mama, hili peke yake lilikuwa na thamani kuliko vitone milioni sita.

Sita, geuza TV usome kibandiko cha nyuma. Tuseme moja inakula wati 80 na nyingine 110. Kwa saa sita kila siku, ya kwanza ni kama yuniti 14 za LUKU kwa mwezi, ya pili karibu 20. Bei ya dukani ni moja, bei ya nyumbani ni mbili.

Sasa neno kwako wewe muuzaji, kwa sababu najua mnasoma hapa. Kijana aliyetuuzia alikuwa amebakiwa na moja rafuni. Tukataka kuichukua hiyohiyo. Akasema, "Hapana Ustadhi, hii imewaka kutwa nzima tangu Ramadhani, subirini nikatafute mpya stoo." Taa za nyuma ya kioo hufifia kadiri zinavyotumika, naye alilijua hilo, na sisi tusingelijua. Alikwenda, tukakaa karibu saa nzima tukimngoja. Huyo aliuweka unyevu juu ya lundo kwa mkono wake. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, tumefundishwa kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Kile kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakikuhalalishii kuficha kasoro uliyoijua.

Na wewe mnunuzi, usimtwishe muuzaji mzigo wote. Umepewa macho, masikio, miguu na ndugu wa kushauriana nao. Shauriana hasa na yule atakayekitumia kitu, au anayemhudumia. Mara nyingi anayejua zaidi si yule anayezijua namba, ni yule anayeijua nyumba.

Na kanuni hii ni pana kuliko TV. Wachumba wawili wenye sifa sawa, shule mbili zenye ada sawa, viwanja viwili vyenye bei sawa. Usiulize tu, "Kipi kizuri?" Uliza, "Kizuri kwa nani, atakaa wapi, na nini kimefunikwa?" Fanya utafiti, shauriana, swali istikhara, kisha tawakal. Ukishanunua, ridhika. Usiende kwa jirani kutazama yake ikakuharibia yako.

Allah atubariki katika riziki zetu, atujaalie ukweli katika kuuza na kununua kwetu, awape shifaa wazazi wetu walio vitandani, na waliotamani nyumba Yake wasiifikie awaandikie ujira wa nia zao. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako anayejiandaa kwenda dukani.