Fedha ya Kuku Iko Wapi?

Huu ni mwaka wa 11 nikiwa mhazini wa usharika wetu wa KKKT huku Uchagani, na bado mtu akiniambia, "Wewe mama ni mwaminifu, ya nini kukukagua?" naingiwa na hofu. Nina sababu.

Kwetu sadaka si fedha tupu. Watu huleta mkungu wa ndizi, maziwa, maharage, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, mzee mmoja husimama nje ya mlango akanadi. Mtu hununua yai moja kwa shilingi 2,000, kisha hulirudisha linadiwe tena, na watu wanafurahi. Kule sakristi meza imejaa bahasha za ahadi zenye namba, noti zilizokunjwa mara nne na sarafu za watoto wa Shule ya Jumapili. Zote hizo ni juu ya mhazini na wazee wa zamu.

Jumapili moja wazee walikuwa wanawahi mazishi. "Mama Mhazini, tunakuamini, malizia tu," mmoja wao akaniambia, nami nikalipokea neno lile kama heshima. Nikahesabu peke yangu, nikajaza fomu, nikamkabidhi katibu jumla ya kusoma kwenye matangazo ya wiki inayofuata. Jumatatu, benki, zikapungua 18,000. Nikazirudia palepale dirishani huku foleni ikinung'unika nyuma yangu. Zikapungua zilezile.

Nikafungua pochi yangu nikajazia. Nilijiambia kwamba nalinda jina la kanisa, kumbe nililokuwa nalilinda ni langu.

Baada ya wiki mbili dada mmoja alinifuata kibarazani. "Shikamoo mama. Nimeleta ya kuku na mayai, samahani nimechelewa." Kuku 15,000, mayai 3,000. Alikuwa amenunua mnadani kwa kuahidi kulipa baadaye, nami niliandika bei kama ilivyotangazwa, kana kwamba fedha iko mezani. Fedha haikuibwa. Ila nilikuwa na kalamu peke yangu, na chumba kizima hakikuwa na mtu wa kuniuliza, "Mama, hii ya kuku iko wapi?"

Nilimwendea mchungaji nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza: kama unaweza kuongeza fedha ya kanisa pasipo mtu kujua, siku ukiipunguza nani atajua? Usiku ule sikulala.

Tangu hapo nasoma 2 Wafalme 12 kwa macho mengine. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wakahesabu pamoja. Wasiopenda ukaguzi hunisomea mstari wa mbele kidogo, kwamba wale waliowalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Mimi huwaomba warudi nyuma: kabla ya kufika mikononi mwa wale waaminifu, fedha ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na watu wawili. Hata Paulo, katika changizo la watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito kule Korintho pamoja na ndugu wengine wawili, akasema wazi kwamba hataki mtu apate la kuwalaumu. Kama mtume alijilinda hivyo, mimi ni nani?

Siku hizi hatuhesabu tukiwa chini ya watatu. Mmoja anasoma, mwingine anaandika, wa tatu anarudia, na wote wanasaini kabla mlango haujafunguliwa. Mnadani kuna daftari la madeni. Sadaka za simu zinaingia kwenye namba ya usharika, kamwe si kwenye namba yangu. Mchungaji akihitaji nauli ya dharura, anasaini hati ya malipo kwanza, hata kama gari linapiga honi nje. Mwanzoni wazee wengine walinuna, wakaona tunadharauliana. Sasa ndio wanaotafutana wenyewe wakiona hatujatimia.

Nina ombi moja kwako, msharika mwenzangu. Katika mkutano mkuu, taarifa ya fedha ikianza kusomwa, wengi hutoka nje kupunga upepo. Wewe kaa, na ukiona pengo, muulize mhazini wako. Nami niulize.