Riyadha ya Lamu: Anayetoa na Wanaoitikia

Msafiri atokaye Tanga kwenda Lamu hupita mpakani Horohoro, huvuka kivuko cha Likoni, na hulala Mombasa iwapo hakubahatika kupata basi la alfajiri. Kutoka hapo barabara hufuata pwani hadi Malindi, kisha hujitenga na bahari, huvuka mto Tana upande wa Garsen, hupita Witu na kukoma Mokowe. Njiani polisi husimamisha gari mara kwa mara, abiria hushuka na vitambulisho mkononi, hupanda tena. Ni safari ya kumchosha mtu mzima, sembuse watoto. Lakini Mokowe gari hukoma, na mbele ni maji. Boti huchukua muda mfupi tu, na mara mji wa Lamu unaonekana, umejipanga ufukweni kwa nyumba zake nyeupe, na punda wakisubiri mizigo gatini.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huja kutazama milango ya nakshi na vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Sisi tuliokuwa ndani ya boti ile tulikuwa na letu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, na karibu kila aliyeketi alikuwa anakwenda kwenye Maulidi ya Riyadha: wazee wa Malindi, vijana wa Mombasa, akina mama na watoto waliolala mapajani, na bwana mmoja aliyekumbatia tari lililofungwa kwa shuka kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Nilikuwa na swali nililolibeba kutoka nyumbani. Madrasa yetu ina watoto 64. Mwaka jana mmoja wa walimu aliamua kuwa kasida za madrasa ziwe za ushindani. Akachagua watoto 12 wenye sauti nzuri, wakashonewa sare, wakafundishwa kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Wakashinda, na kikombe kikawekwa ofisini. Waliobaki, 52, wakawa wanaketi mkekani wakiwatazama wenzao. Kabla ya hapo wote walikuwa wakiimba. Miongoni mwa waliokaa kando ni kijana wa miaka tisa mwenye kigugumizi. Mama yake alinifuata baada ya sala ya Ijumaa, akasimama mbali kidogo kwa heshima, akasema: “Katibu, mwanangu akisoma peke yake neno halitoki. Akisoma na wenzake hagugumii hata herufi moja. Sasa mmemtoa mstarini. Atasemea wapi?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Jambo alilolisema linajulikana: watu wengi wenye kigugumizi huweza kusema au kuimba bila kukwama wanapofanya hivyo pamoja na wengine. Lakini kamati ilikuwa imeshapokea kikombe, na ni nani atakikataa kikombe? Basi nilipopata likizo nikaenda mahali ambapo watu wamekuwa wakimsifu Mtume (s.a.w.) kwa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, nione wao wanafanyaje.

Msikiti wa Riyadha uko upande wa Langoni, kusini mwa mji. Ili kuufahamu ni lazima kuifahamu Lamu ya zamani, ambayo ilikuwa na pande mbili. Mkomani, upande wa kaskazini, ulikuwa na nyumba za mawe za wenye mji, wenye mali na nasaba. Langoni ndiko walikoishi wageni, mafundi, wavuvi na watu wa hali ya chini, wengi wao katika nyumba za udongo na makuti. Al-Habib Saleh bin Alawy Jamalilleyl, Allah amrehemu, alikuja Lamu kutoka Ngazija akiwa kijana, katika karne ya 19. Alikuwa sharifu, na angeweza kukaa na wakubwa wa mji akahudumiwa. Yeye akahamia Langoni. Akatibu wagonjwa, akafungua darsa, na akawafundisha hata watumwa na watoto wao. Zama zile utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria katika pwani hii, ambako haukufutwa hadi mwaka 1907. Kumfundisha mtumwa elimu ya dini iliyokuwa ya watu wachache kuliwachukiza baadhi ya waungwana, na hawakuficha chuki yao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti ukajengwa, na chuo kikakua pembeni yake. Maulidi yaliyosomwa hapo, na yanayosomwa hadi leo, ni Simtud-Durar ya Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanachuoni wa Seiyun huko Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Kabla ya hapo pwani nzima ilizoea Barzanji, maulidi yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, na hata leo ndiyo yanayosomwa katika misikiti mingi ya kwetu. Barzanji mara nyingi husomwa na msomaji mmoja baada ya mwingine, na waliohudhuria husikiliza na kumswalia Mtume. Kwa Habib Saleh matari yakaingia, nai ikaingia, na kila penye kasida jamaa wote wakapewa cha kuitikia. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na jambo kubwa, kuliko hata matari ambayo watu walibishana juu yake. Mtu ambaye jana hakuwa na haki ya kusema mbele ya baraza la mji, leo yuko uwanjani mwa msikiti, anaitikia kwa sauti sawa na ya bwana wake wa zamani, na kasida haiendelei mpaka yeye ameitikia.

Usiku wa kilele nilifika mapema, baada ya Isha, na tayari uwanja ulikuwa umejaa. Mikeka ilitandikwa mpaka nje. Wanafunzi wa chuo walikuwa katika mistari inayotazamana, kanzu nyeupe na kofia za vito, wadogo mbele na wakubwa nyuma. Nikitazama kwa jicho la katibu, nilianza kuhesabu. Nikaacha. Hapakuwa na kikundi na watazamaji. Kila niliyemtazama mdomo wake ulikuwa unasema kitu.

Aliyekuwa akitoa kasida alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, bila madaha yoyote. Nilikuwa nimekwisha kuona, katika picha za kwaya za Ulaya, yule anayesimama mbele na kijiti akipunga mikono. Hapa hakuna kijiti. Mtoaji aliketi pamoja na watu wake, na uongozi wake ulikuwa katika mambo madogo ambayo mtu asipokuwa karibu hayaoni. Kwanza alianza chini, chini mno, nikadhani sauti imemkauka. Nikaja kuelewa: angeanzia juu, wazee wasingefika, na watoto wangepiga kelele badala ya kuimba. Alianza mahali ambapo kila koo lingeweza kuingia. Pili, alikwenda polepole. Ubeti wa kwanza ulivutwa hadi nikaona mgeni mmoja kando yangu, ambaye dhahiri hakuijua ile kasida, ameshakishika kiitikio mara ya tatu. Kiitikio chenyewe kilikuwa kifupi, hakibadiliki. Mabeti marefu ni ya mtoaji. Mtu asiyesoma Kiarabu hadaiwi zaidi ya mstari ule mmoja.

Tatu ni hili, ambalo nimeliandika katika daftari na kulipigia mstari. Palikuwa na vipaza sauti, kama kila mahali siku hizi. Mtoaji alikishika chake karibu na mdomo alipokuwa akitoa. Ulipofika wakati wa kuitikia, alikishusha hadi kifuani na kunyamaza kabisa. Kwa nukta chache uwanja mzima ulijisikia wenyewe, bila mashine. Kisha akakiinua tena. Alifanya hivyo usiku kucha, na hakusahau hata mara moja. Nililinganisha na hafla zetu, ambapo mwenye kipaza sauti huimba ubeti, huimba na kiitikio, na watu mia tatu huketi wakimsikiliza kama wasikilizao redio.

Matari nayo yalikuwa na adabu yake. Kabla ya kuanza, wapigaji waliyapitisha karibu na moto ili ngozi zikaze, wakayagonga kwa ncha za vidole, wakayarudisha motoni. Pigo lilianza kwa upole, likafuata sauti badala ya kuisukuma. Kadiri usiku ulivyosonga, mwendo ukaongezeka kidogo kidogo, mistari ikayumba kulia na kushoto kwa pamoja, mpaka tukafika mahali pa kusimama kwa kutajwa kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.). Hapo sitaeleza zaidi. Aliyewahi kusimama anajua, na asiyewahi hatajua kwa kusoma gazeti.

Asubuhi yake nilimkuta mzee mmoja wa matari barazani, anakunywa kahawa. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee wangu,” akaitikia marahaba na kunisogezea nafasi: “Ndoo uketi.” Kiamu kina utamu wake, kwao njoo ni ndoo na njia ni ndia. Nilimweleza habari za watoto wetu 12 na kikombe. Hakucheka wala hakulaumu. Aliuliza swali moja: “Na hao wengine, mwawafanyia nini?” Nikasema wanasikiliza. Akanywa kahawa yake. Halafu akanieleza kuwa yeye katika utoto wake hakuwa na sauti, na mpaka leo hana. Aliwekwa kati ya vijana wawili wenye sauti nzuri, na mwalimu akamwambia asiimbe kwa nguvu kuliko anavyowasikia wenzake. “Watu wakinyamaza,” akasema, “kosa ni la anayetoa. Amepanda juu mno, au amekwenda mbio, au ajisikiliza mwenyewe.”

Siku ya mwisho watu walikwenda kulizuru kaburi la Habib Saleh, wakasoma dua, kisha wakarudi mjini kwa zefe, kundi baada ya kundi, kila madrasa na kasida yake. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, na sauti ikiingia humo haina pa kwenda ila juu. Akina mama walikuwa madirishani na juu ya madari, nao wakiitikia. Hili lisidharauliwe. Katika miji yetu yote ya pwani wanawake wana maulidi yao majumbani, na mtoaji wao, na watoto wengi hukisikia kiitikio kwanza mgongoni mwa mama zao kabla ya kukisikia kwa mwalimu yeyote.

Najua wako wasomaji wa gazeti hili wasioona kuwa maulidi ni jambo la kufanywa, na wako wanaoyakubali maulidi lakini hawayataki matari karibu na msikiti. Hata Lamu, zama za Habib Saleh, matari hayakupokelewa bila ubishi mkali. Masheikh wetu wamesema mengi kwa dalili zao, na katibu wa msikiti hana fatwa ya kutoa. Ila swali la nani anaitikia halimwachi hata yule asiyesoma maulidi. Tazama takbira za asubuhi ya Idi. Mmoja anatoa, sote tunapokea, na hakuna aliyewahi kuambiwa avue kofia arudi nyuma kwa sababu sauti yake inaharibu takbira. Tazama watoto wanaohifadhi juzuu kwa kusoma pamoja nyuma ya mwalimu. Ni mlango uleule.

Wala sisemi kuwa ushindani ni haramu au kwamba wale 12 wamekosa. Ni watoto wazuri na wamejitahidi, na mwalimu wao ana ikhlasi. Nilichokiona ni kwamba kazi aliyojifunza ni ya kuchagua, na ile ya mtoaji wa Riyadha ni ya kuingiza. Hii ya pili ni ngumu zaidi. Kumpata mtoto mwenye sauti na kumsimamisha mbele ni kazi ya alasiri moja. Kumweka asiye na sauti kati ya wawili wenye nayo, kuanza chini, kusubiri, kushusha kipaza sauti, huko kunataka mtu ambaye hana haja ya kusikika yeye.

Niliporudi nilizungumza na mwalimu wetu kwa faragha, kama inavyopasa. Tumekubaliana jambo la majaribio: hadi Rajabu, kila Alhamisi baada ya Alasiri watoto wote 64 watasoma kasida moja yenye kiitikio kifupi, bila muziki uliorekodiwa, wale 12 wakitawanywa katikati ya wenzao badala ya kusimama mbele. Tayari kumekuwa na vikao viwili vya namna hiyo. Cha kwanza kilikuwa fujo. Katika cha pili nilisimama dirishani, nikamwona yule kijana katika safu ya tatu, kati ya wakubwa wawili. Sikuweza kuitenga sauti yake na za wengine.

Kikao cha kamati kinachokuja kitakuwa Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Ombi la fedha za sare mpya kwa ajili ya mashindano ni ajenda ya nne, na barua ya mama yake kijana, iliyoandikwa kwa mkono katika karatasi ya daftari, ni ajenda ya tatu. Wazazi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusema.